Mwindaji wa Kambi ya Wapimaji

Shemeji yangu hawezi kutulia. Ofisi ya ramani ilimpa kazi ya kulinda stoo. Wiki haikuisha, soli ya kiatu imetoboka kwa kuranda mlangoni. Ndipo wakampeleka nasi nyikani, tunakopima njia ya barabara: yeye awinde, mimi nipike. Tuko tisa, tunahama kila siku ya pili, na kitoweo ni kile atakachokiangusha yeye. Akikosa, tunakula maharage, na lawama zote ni zangu, kana kwamba mimi ndiye niliyekosa shabaha.

Mwezi wa pili tukala maharage siku sita mfululizo. Mpimaji mkuu akachoka, akamgeukia shemeji.

"Mzee, kesho kusipokuwa na nyama, gari la maji likija utarudi nalo. Stoo bado inakungoja."

Alfajiri shemeji akaniamsha. "Twende wote."

"Na uji wa watu je?"

"Wajipikie, hawana mikono?"

Nilijua kwa nini ananitaka. Siku nyingi nilikuwa nikimwona akipapasa kikombe kilicho mbele yake. Sikumwambia mpimaji. Mke wangu ni dada yake. Ningemwambia nini, kwamba nimemchongea kaka yake?

Alikuwa na kimfuko cha majivu. Anakitikisa, anayakodolea macho yanakopeperukia, tunageuza njia ili wanyama wasitunuse. Hatua mia, anatikisa tena, tunageuza tena. Nilitweta, nikamlaani kimoyomoyo. Jua lilipopanda akapiga goti, akalenga kichakani.

"Swala. Ameinama, anakula."

Nikatazama. Niliona mgongo wa shati la kaki, na kando yake kigingi chenye rangi nyekundu. Kule kukimbizana na upepo kulikuwa kumeturudisha kwenye mstari wetu wenyewe, na aliyeinama ni Kibonge, mvuta mnyororo wa kupimia. Nikaupiga mtutu juu. Risasi ikaenda hewani. Kibonge akajitupa chini akimwita mama yake.

"Nani yule?" shemeji akauliza.

"Kibonge."

Nikaanza kutunga uongo wa kumpa mpimaji, kwamba bunduki imefyatuka yenyewe. Akanikatiza.

"Ulijua kama sioni?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi jana."

Akatoa risasi zilizobaki, akanitilia kiganjani.

"Basi, shemeji, leo tungeua mtu sisi wawili."

Akatangulia kwenda kumwambia mpimaji mwenyewe, akijikwaa kila hatua, na safari hii nikamshika mkono.