Mlango wa Mama Waenda Chuo Kikuu

Zamani, nikiwa bado na meno yote, nilimpelekea shangazi yangu jogoo, kule ng'ambo ya Sirari alikoolewa. Jogoo akawika njia nzima. Shangazi akatupokea, "Si ungekuja tu wewe, hii kelele ni ya nini?" Jioni akamla hadi shingo. Tangu hapo siendi kwa watu mikono mitupu, hata wakinung'unika. Basi mpwa wangu Mwita, mhadhiri, aliponiambia chuo kikuu chao kinakarabati darasa kwa vitu vilivyokwisha kutumika, nikang'oa mlango wa nyumba ya marehemu mama.

Ni wa mvule, mfupi. Mama aliutaka hivyo ili kila anayeingia ainame, awe mkwe, awe mtoza kodi. Nyumba ilishalala upande mmoja, nikaona heri mlango upate pengine pa kuinamisha watu. Mwita akaapa, "Mjomba, utabaki kuwa mlango. Wasomi wataupitia."

Asubuhi tulitoka kijijini kwetu Kerende kwa kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, mlango nyuma, umefungwa kamba kama ng'ombe wa mahari.

"Mzee, unahama?" dereva akauliza.

"Mlango umefaulu, unaenda chuo kikuu. Mimi niliishia darasa la tatu, nausindikiza tu."

Tukavuka Mto Mara, tukapita Busawe, vumbi likatupaka sawasawa, mimi na mlango.

Adhuhuri tukafika chuoni, upande wa Kisaka. Mratibu wa ukarabati, mama mkarimu sana, akaniamkia shikamoo, akanitembeza. Matairi chakavu yamekuwa viti. Chupa za soda zimejazwa mchanga, zimekuwa ukuta.

"Huu ndio uendelevu, mzee."

Kwangu nimekalia ndoo iliyotoboka tangu sijaoa. Kumbe muda wote nilikuwa nakalia elimu!

Nikakaa kwa Mwita siku kadhaa nikisubiri uzinduzi wa darasa. Siku ilipofika nikavaa koti, nikaenda kuinama. Mlangoni nikakuta alumini mpya, ndefu, inang'aa.

"Mgeni rasmi ni mrefu," Mwita akaninong'oneza. "Hawezi kuinama mbele ya kamera."

"Na wetu?"

Akaonyesha chini, mbele ya ubao. Umelazwa juu ya matairi, ndio jukwaa la mhadhiri.

"We mura, huo ni mlango wa bibi yako!"

"Mjomba, hapo ndipo pa heshima. Kila msomi atasimama hapo."

"Na viatu?"

"Utafagiliwa."

Nikaomba nirudishiwe. Mratibu akasema kwa upole umeshapigiliwa misumari, na wafadhili wameshatumiwa picha. Safari ikanifunza jambo: kitu kikuukuu hakitupwi siku hizi, kinakanyagwa kwa sherehe.

"Mzee, panda juu, tukupige picha na zawadi yako," mratibu akanialika.

Sikupanda. Nikasimama pembeni. Mpiga picha akaniambia, "Basi sogea nyuma kidogo, mzee, mlango uonekane. Kidogo tena."

Nikasogea. Nikasogea hadi ukutani, nikasogea hadi nje, nikashika barabara ya Busawe kwa miguu. Mwita bado hupiga simu kunialika. Sijakanyaga tena kule.