Nilivyoshtakiwa kwa kosa la kucheka shambani

Kamwene wakuu.

Shikamoo zenu nimeshazipokea, maana nina miaka tisini na ushee. Anayechapa ni mjukuu wangu. Haya ni kweli tupu, na mashahidi wote wameshafariki, kwa hiyo wa kunibishia hayupo.

Juzi huyu mjukuu kalipa kiingilio Njombe mjini kumsikiliza motivational speaker. Karudi ananiambia, "Bibi, furaha ni mindset."

Nikamwambia kaa hapa nikusimulie bure.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Kijiji chetu kipo kati ya Njombe na Makambako. Mume wangu alipanda lori Makambako kwenda kukata mkonge Tanga, akaniachia watoto wawili na shamba la mahindi. Mvua zikanyesha, majani yakayapita mahindi. Nisipopalilia, watoto wanalala njaa.

Kwetu ukizidiwa unaita mgowe: majirani wanakuja kukulimia, jioni unawapa pombe. Na msimu huo ulanzi, pombe ya mianzi, ulikuwa unatiririka.

Mimi pombe sikutaka. Usharika wetu ulikataza, lakini si hilo tu. Baba yangu akilewa, mama alikuwa anatukimbiza tukalale kwenye mahindi, kwenye baridi hii ya kwetu. Niliapa haitaingia nyumbani kwangu.

Nikatangaza mgowe wa chai! Sukari niliifuata Makambako kwa miguu.

Waumini wenzangu walinisifu sana. "Mama Yusta, huo ndio ushuhuda!"

Siku yenyewe hakuja hata mmoja. Wote walikuwa bondeni kwenye mgowe wa ulanzi. Kusaidia tu, si mnajua.

Alikuja mama Otilia, jirani yangu Mkatoliki, ambaye kwao kikombe kimoja si neno. Alikuja na jembe, na kibuyu chake cha ulanzi akakificha nyuma ya kichuguu ili asinikwaze.

Wakuu, nililia. Nililia kweli.

Halafu nikaona majani hayana habari na machozi yangu. Nikasema basi, kama ni sisi wawili, tutalima tukicheka. Nikaanza kumwigiza mzee wa kanisa anavyokemea walevi. Mama Otilia alicheka mpaka akaangusha jembe.

Kumbe vicheko vilifika bondeni. Wakasema, mwanamke mume hayupo, shamba limemshinda, anacheka nini? Huyo kanywa.

Kesho yake, mimi na mama Otilia tukiwa tena shambani, mzee wa kanisa akatokea, na kundi la mashahidi nyuma yake. Mjue, ukipatikana na pombe ulitengwa: meza ya Bwana huikaribii, na kijiji kizima kinakujua.

"Mama Yusta, furaha hii imetoka wapi?"

"Humu humu, baba. Nimeamua tu."

"Haiwezekani!"

Akanusa birika. Chai. Akanusa vikombe. Chai. Akaelekea kwenye kichuguu.

Kibuyu cha mama Otilia kilikuwa huko huko, kimejazwa upya, na nani angeamini si changu?

Tukapalilia mstari, tukangoja. Tukapalilia mwingine. Mzee alipotokea kofia ilikuwa upande na uso unang'aa.

"Sijaona kitu," akasema.

Akashika jembe, akalima hadi jioni akiimba besi. Wale mashahidi wakaona haya kusimama, wakalima nao. Shamba likaisha! Mama Otilia alipokifuata kibuyu chake, alikigeuza juu chini na hakikudondosha hata tone.

Asubuhi yake nilimkuta mzee njiani kashika kichwa kwa mikono miwili. Mimi naenda kuchota maji, bado nacheka. Akaangalia huku na huku, akaninong'oneza:

"Mama Yusta, ile yako kweli ilikuwa chai?"

Mjukuu anadai lazima niweke funzo. Haya: wengi watakusifia msimamo wako, wachache watakuja na jembe. Na furaha uliyoiamua mwenyewe haikuumizi kichwa asubuhi.

Uwanja wenu, semeni. Ila wewe uliyelipa kiingilio, tuambie kwanza ulirudi unacheka?