Mama Mkwe Katika Behewa Jipya

Nilikuwa seremala wa reli, karakana ya mabehewa, Nairobi, na sikubali mtu adharau behewa mbele yangu. Wakubwa walipoamua kwamba garimoshi la haraka la Mombasa lipate daraja la kwanza jipya, tulichukua mabehewa ya zamani tukayatoa matumbo yote. Viti vikatoka, vikaingia vitanda viwili kila chumba, kimoja juu ya kingine, na beseni la kunawia linalokunjwa ukutani, na kengele ya kumwitia mhudumu chai. Mlango wa zamani ulifungukia korido na kumgonga usoni kila aliyepita. Mimi ndiye niliyeung'oa bawaba nikaufanya wa kuteleza. Niliupiga msasa mpaka ukawa unasukumwa kwa kidole kimoja. Nilijivuna, siwezi kudanganya.

Kwa kazi hiyo nikapewa pasi ya watu wawili, daraja la kwanza, kwenda na kurudi. Wiki hiyohiyo ikaja telegramu kutoka Changamwe, alikofundisha mke wangu. Amejifungua kwa kupasuliwa, yuko hospitali Mombasa, mtoto ni mzima, lakini yeye hali chochote, analia tu akimtaka mama yake. Mama yake alikuwa huko Tawa, hajawahi kupanda treni hata siku moja. Ilikuwa juu yangu kumfikisha, na haraka.

Sasa, sisi Wakamba tuna nthoni, ile aibu ya heshima kati ya mwanamume na mama mkwe wake. Hamtazamani. Hamketi chumba kimoja. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kichakani, hata kichaka chenyewe kikiwa cha miiba. Na jina lake hulitamki hata ushikiwe bunduki. Nilikuwa nimeoa miaka miwili na nilichowahi kuona ni mgongo wake tu.

Karani wa tiketi hakuwa mtu wa kwetu. "Jina la abiria wa pili?"

Nikajifanya natafuta pasi mfukoni.

"Bwana, jina! Watu wanangoja."

"Ni mtu wa kwangu," nikasema, jasho linanitoka.

"Mwanamke?"

"Ndiyo."

Akaandika Bwana na Bibi, kwa jina langu, akagonga muhuri. Mimi nikaondoka nikimshukuru Mungu kwamba nimeponea. Nilidhani mwanamke atawekwa na wanawake wenzake, ndivyo reli ilivyofanya siku zote.

Nilimtumia baba mkwe ujumbe, naye mama mkwe akapandia Emali jioni, kituo cha karibu na kwao. Mimi nilikuwa chumbani, viatu nimevua, naonja godoro. Mlango wangu ukateleza vizuri sana, nikaona leso iliyofunika uso inaingia, na mhudumu nyuma yake na kiondo. Aiya! Nikafumba macho, nikapita nikipapasa ukuta, nikatokea korido bila viatu. Mlango ukafungwa. Baada ya muda ukafunguka kidogo, kikatoka kiatu kimoja. Kisha cha pili.

Treni ilikuwa imeshaondoka mkaguzi wa tiketi aliponikuta nimesimama pale.

"Mbona huingii kwa bibi yako?"

"Si bibi yangu. Ni mama yake."

"Mama ya nani?"

"Ya bibi."

Akaangalia karatasi, akaniangalia. "Hapa imeandikwa bibi. Kama si bibi yako, mwanamume na mwanamke wasiooana hawalali chumba kimoja. Treni nzima haina nafasi nyingine, na korido si mahali pa kulala. Mmoja wenu anashuka Makindu."

Nikishuka mimi, mama huyu atafika Mombasa hajui kushoto wala kulia. Akishuka yeye, mke wangu atakufa njaa kwa ukaidi. Na kusema ni bibi yangu, yeye akisikia? Heri nijitupe nje ya dirisha.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya mlango, sauti ya mwanamke anayeongoza maombi kanisani kila Jumapili.

"Wewe kijana wa tiketi! Huyo ni bwana yangu. Nimemfukuza. Atakaa huko nje mpaka ashike adabu!"

Mkaguzi alinitazama kwa huruma ambayo sijawahi kuonyeshwa na mtu yeyote. "Pole, ndugu yangu," akasema. Akaniletea hata blanketi.

Asubuhi tukafika Mombasa, na mlango ukagoma. Niliupima Nairobi kwenye ukavu, sikuwaza hewa ya bahari. Mbao zilikuwa zimevimba, mlango umekwama kabisa. Abiria wote wakashuka. Wahudumu wakaanza kukusanya mashuka, wakasema behewa linavutwa sasa hivi kwenda kuoshwa. Nilisukuma kwa kidole, kwa bega, kwa mgongo.

"Wewe fundi!" Kwa mara ya kwanza alikuwa anasema nami. "Mtoto wangu ananingoja. Vunja!"

"Mwaitu, mama yangu, nitakuona!"

"Nione! Nione mpaka uchoke, lakini vunja!"

Nikapiga teke mlango wangu mwenyewe, mara tatu, nikiumia moyoni. Ukapasuka katikati. Akatoka, leso imeanguka, jasho usoni, na uso ulikuwa ule wa mke wangu, umezeeka tu. Tukatazamana. Hakuna aliyeanguka. Akanishika mkono, kwa kuwa mji hakuujua, na hakuniachia njia nzima.

Tuliingia wodini hivyohivyo. Mke wangu aliinua kichwa, akatuona, mimi na mama yake, nyuso wazi, mkono kwa mkono. Akapiga ukelele uliowaamsha watoto wote.

"Nani amekufa, hata mkashikana hivyo? Ni baba? Niambieni, ni baba?"

"Hakuna aliyekufa," mama yake akasema. "Bwana yako ametengeneza mlango mbaya."

Mke wangu akaitazama ile mikono. Kicheko kikamshika, akajikamata mshono, akawa anacheka na kulia kwa maumivu, akitusihi tutoke. Mama yake hakutoka. Aliagiza uji, akamnywesha kwa mkono mmoja, ule mwingine bado umenishika.