Mke Mteule

Baba yangu alimfukuza mama kwa sababu ya Esau. Nikisema hivyo watu hucheka, wanadhani natania. Sitanii. Mimi ni bibi sasa, utani nimewaachia wajukuu.

Tulikuwa tukikaa Yakobi, upande wa Njombe, miaka ile ya Mwingereza, vita kuu ya pili imekwisha. Baba alikuwa na wake wawili. Mama yangu ndiye mkubwa. Mama mdogo aliolewa baadaye, mimi nikiwa tayari natumwa maji. Kila mmoja alikuwa na nyumba yake, jiko lake na shamba lake, na baba alikula huku na huku. Sitasema wale wanawake walipendana, maana hawakupendana. Lakini waliazimana moto na chumvi, na mama mdogo alipougua, mama ndiye aliyempalilia viazi vyake. Ndivyo watu walivyoishi.

Aliyetangulia kulisikia Neno nyumbani kwetu ni mama. Alianza kwenda ibada peke yake, anasimama nyuma kabisa, anarudi akiimba huku anachambua mboga ya maboga. Kisha akaanza kumwandama baba. Kila jioni habari ni hiyo hiyo, twende darasani, twende darasani, mpaka mzee akachoka kukataa. Wakaingia darasa la ubatizo wote watatu.

Baba hakuwa mtu wa masihara. Aliacha ulanzi, ile pombe ya mianzi, na kwetu sisi mtu kuacha ulanzi msimu wa mianzi si jambo dogo. Masomo aliyashika yote kwa kichwa. Ndipo wazee wa kanisa walipomwita wakamwambia lile ambalo kila mtu alikuwa akilijua isipokuwa yeye: mtu wa wake wawili habatizwi. Aache mmoja.

“Yupi?” baba akauliza.

“Hiari yako,” wakamjibu. “Hatuwezi kukuchagulia mke.”

Kijiji kizima kilijua atakayebaki ni mkubwa. Hata mama mdogo alijua, akaanza kukusanya vyungu vyake na kulia chini chini. Naikumbuka sana ile raha ya mama ya kimyakimya, na sikumlaumu, kwani nani hapendi kubaki kwake?

Ila baba alikonda. Hakutaka kuchagua. Alikuwa mtu wa namna hiyo, hata ng'ombe wa kuchinja alitaka mtu mwingine amwonyeshe. Akawa anakaa nje kwenye baridi, blanketi kichwani, hajibu salamu. Na juma lile lile mwinjilisti akafundisha habari za wale mapacha, Esau na mdogo wake, jinsi Mungu alivyomchukua mdogo akamwacha mkubwa wangali tumboni, hawajatenda jema wala baya. Akaeleza kwamba hivyo ndivyo neema ilivyo, mtu hachaguliwi kwa kazi zake. Nilikuwepo, nimekaa chini karibu na mama. Niliona uso wa baba ukifunguka.

Alianza kuhesabu kwa vidole. Kaini akaachwa, akachukuliwa mdogo. Ishmaeli akaachwa. Yusufu alikuwa mdogo. Daudi alikuwa mdogo kuliko ndugu zake wote. Akasimama akauliza, “Mwalimu, kwa hiyo Mungu huchukua mdogo?” Mwinjilisti akasema Mungu huchukua amtakaye. Baba akaketi. Alikwisha kusikia alichotaka kusikia.

Na msinidanganye, mama mdogo alikuwa na shingo nzuri na alikuwa bado anazaa. Hayo baba hakuyahesabu kwa vidole.

Alimwita mama asubuhi, mimi nikiwa jikoni nakoka moto. Alisema kwa upole kabisa, sauti ya mtu aliyepumzika. “Mke wangu, si mimi. Ni Mungu aliyeamua. Amemchagua mdogo.”

“Amekuambia lini?” mama akauliza.

“Umesikia mwenyewe habari za Esau.”

Mama akafikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kujibu, na hilo liliwaudhi wengi. “Esau aliuza haki yake kwa chakula,” akasema. “Mimi niliuza nini?”

Wazee walipopelekewa habari walitikisa vichwa, lakini walikwisha kusema ni hiari yake, wakaona haya kulimeza neno lao. Mama akafunga virago: jembe, chungu, nguo, na mimi. Watoto wake wengine wote walikuwa makaburini nyuma ya nyumba, hao hakuweza kuwachukua.

Tulikwenda kwa miguu hadi Makambako, na kutoka pale Kitandililo, kwa mjomba wangu. Upepo wa Makambako unajulikana. Unakuchapa usoni tangu asubuhi, na mtu aliyezoea mabonde ya Yakobi anahisi kama anagombezwa kutwa nzima. Mjomba alitupokea kwa sababu asingeweza kutotupokea. Tulipewa nafasi jikoni, tukawa tunalala na kuku.

Hapo ndipo mama alipoteseka, na wala si kwa ajili ya baba. Kilichomkondesha ni kukosa mahali pake. Mwanamke aliyekuwa na nyumba yake, sasa akisogeza chungu anaulizwa amekisogeza kwa nini. Alimwomba mjomba kipande cha ardhi ajenge kibanda. “Tutaona, dada,” mjomba akasema. Msimu ukapita. Akaomba tena. “Tutaona.” Mke wa mjomba akawa anahesabu kwa sauti vijiko vya unga tunavyosonga, na mama anajitia hamnazo.

Kanisani Kitandililo walimbatiza bila shida. Hakuwa tena mke wa mtu, kwa hiyo hakuwa na kizuizi. Siku moja nilimsikia akimwuliza mwinjilisti wa pale kama ni kweli Mungu alimchukia yule Esau. Mwinjilisti akamwambia uchaguzi wa Mungu hauulizwi. “Basi,” mama akasema, akachukua jembe lake. Mimi nilishikwa na hasira mpaka masikio yakawaka. Nilitaka auulize tu, auulize kwa nguvu, yule mtu wa suruali safi ashindwe kulala.

Nikavunja ungo pale pale jikoni kwa mjomba. Ndipo habari zikaja kwamba mama mdogo amefariki kwa uzazi, yeye na mtoto. Mama alilia, tena kilio cha kweli. Alisema yule binti hakuwa na kosa, naye alichukuliwa tu kama kuku sokoni.

Baba alifika kabla mvua hazijaanza, amevaa koti, ameandamana na mzee wa kanisa. “Kamwene,” akatusalimia mlangoni, kama mtu aliyeondoka jana. Aliongea na mjomba. Alisema Mungu amefungua njia, mke mkubwa sasa anaweza kurudi, na safari hii ndoa itafungwa kanisani kama inavyotakiwa. Mjomba alikubali ugali haujapoa. Mke wake alikubali zaidi, akatuletea mchuzi wenye mafuta kwa mara ya kwanza tangu tufike. Mama alikuwa nje anapura maharage. Mimi ndiye niliyetumwa kumwambia.

“Wamekubaliana?” akaniuliza.

“Wamekubaliana.”

Akaendelea kupura.

Ndoa ilifungwa Njombe, kanisa limejaa. Mchungaji alikuwa mtu mwema, hilo niseme. Akamwuliza baba, baba akaitika kwa sauti. Kisha akamgeukia mama akamwuliza kama anampokea mwanamume huyu awe mume wake, kwa hiari yake mwenyewe, pasipo kulazimishwa na mtu.

Mama akafikiri. Watu wakaanza kukohoa.

“Baba mchungaji,” akasema, “nikisema hapana, nitalala wapi?”

Hakusema kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia. Mchungaji akamtazama mzee wa kanisa, mzee wa kanisa akamtazama mjomba, mjomba akawa anakuna mkono.

“Mama,” mchungaji akasema taratibu, “hapa jibu ni ndiyo au hapana. Ni hiari yako.”

“Ndiyo,” mama akasema. Wakaimba.

Nyumba yake ya zamani ilikuwa imebomolewa, pamepandwa miti ya miwati. Akaingia nyumba ya mama mdogo, akalala kwenye kitanda cha mama mdogo, akapikia kwenye mafiga yake. Na kila alipolalamika jambo, iwe kuni, iwe maneno makali, baba alimjibu vile vile: “Ulikubali mwenyewe mbele ya kanisa.” Alipomfukuza, eti aliyeamua ni Mungu. Alipomrudisha, aliyeamua ni mama. Yeye baba hakuwahi kuamua kitu maishani mwake, akafa mzee wa kanisa anayeheshimika, na kengele ikapigwa.

Mama aliishi naye hadi mwisho, akamzika, kisha akaanza kuugua yeye. Nilikuwa nimekwisha kuolewa, nikarudi kumuuguza. Mchana mmoja, nikiwa nampaka mafuta miguuni, nilimwuliza lile lililonikaa kooni miaka yote. Nikamwambia, “Mama, siku ile kanisani, kama mtu angesimama akakuambia nyumba yako ya kulala hii hapa, ungejibuje?”

Alifikiri kwa muda mrefu, macho yapo darini, mpaka nikadhani amesinzia.

“Sijui, mwanangu,” akasema. “Sijawahi kuchagua. Sijui mtu huanzia wapi.”