Ujumbe wa Mafuriko

Mwaka 2013, kura zikikaribia, nilikuwa mwalimu mgeni Lodwar. Nilitoka Kitale, na huko Lodwar mtu wa Kitale huambiwa ametoka Kenya, kana kwamba Turkana ni nchi nyingine. Nilipanga chumba karibu na mto Turkwel, katika boma la mama mmoja aliyesuka vikapu vya mkoma. Mwenzangu mwingine sikuwa naye. Jioni alinitolea kigoda, tukakaa, yeye akisuka, mimi nikisahihisha madaftari, bila maneno mengi.

Siku moja baada ya shule simu yangu ililia. Ulikuwa ujumbe wa serikali, kwa Kiingereza: huenda maji yakafunguliwa kwenye bwawa la Turkwel huko juu, walio karibu na mto wahamie juu. Niliwasomea watu wa boma kwa Kiswahili.

Shemeji yake mama, mwenye bodaboda, alicheka. "Hii maneno ni ya siasa, mwalimu. Wanataka tuhame, siku ya kura hatuko. Tukirudi, hapa ni ya watu wa mafuta."

Mafuta yalikuwa yamepatikana upande wa Lokichar mwaka uliotangulia, na hofu ya ardhi ilikuwa imeingia kila nyumba. Kesho yake ujumbe mwingine ulizunguka, usio na mwenyewe: atakayehama, jina lake litafutwa kwenye orodha ya kituo cha kura.

Mama aliniuliza polepole, "Wewe, nani alikutuma?"

"Hakuna, mama."

Nilikunja godoro nikaenda kulala darasani, kwenye mwinuko. Sikufuatwa na mtu. Maji hayakuja. Niliporudi, vicheko vilinipokea langoni, na kigoda hakikutolewa tena. Nikawa nasahihisha kitandani, mlango umefungwa.

Kura zikapita. Mwezi wa nne mvua ilinyesha huko juu milimani, na mto ukafurika mchana, mwekundu, huku simu ikiwa kimya. Nilikuwa shuleni. Watu walipona, lakini maji yalichukua mbuzi wa mama, vikapu alivyosukia soko, na ukuta wa chumba changu. Nilimkuta amesimama kwenye tope.

"Leo ulinyamaza," alisema. "Mbona?"

"Sikupata ujumbe, mama. Tazama."

Nilimnyooshea simu. Aliitazama, kisha akanitazama mimi. Hakujua kusoma, nami sikuwa na namna ya kumwonyesha kitu ambacho hakikuwepo.

Niliomba uhamisho, nikapelekwa Kakuma, penye kambi ya wakimbizi. Pale watu wengi walikuwa wageni kama mimi, wengine wametoka mbali zaidi, lakini kila mmoja alikuwa na wa lugha yake. Kupitia ukuta, kutoka chumba cha jirani, nilisikia Kiarabu cha Juba kikizungumzwa kwa vicheko, nisiambulie neno.

Alasiri moja mwanamke wa chumba hicho, mfanyabiashara kutoka Sudan Kusini, alibisha hodi na simu mkononi.

"Mwalimu, hii inasema nini?"

Nikasoma. Lilikuwa tangazo la kuuza milio ya simu.

"Si kitu, dada. Ni biashara tu."

"Asante." Akarudi kwao. Chai ilikuwa jikoni, na sikuwahi kumkaribisha.