Picha Iliyo Hapo Juu

Tak. Mlio mmoja tu, mkavu, wa pete nene ya shaba ikigonga kitufe cha Enta. Abosede Fadahunsi aliusikia Jumatatu moja asubuhi alipokuwa akimpelekea mwenye shule chai, na miaka tisa baadaye ulikuwa bado haujamtoka masikioni. Mwenye shule aliinua kichwa, akateremsha kioo cha kompyuta yake taratibu, akatabasamu. "Weka hapo, binti yangu."

Alhamisi ya wiki ile karatasi za mtihani zilikutwa mikononi mwa wanafunzi. Ijumaa alfajiri picha ya Abosede ilikuwa imebandikwa langoni, na chini yake maneno ambayo kila mtu wa Lagos anayajua kama anavyolijua jina la mtaa wake: Umma unaarifiwa kwamba mtu ambaye picha yake inaonekana hapo juu si mfanyakazi wetu tena. Ameiba mitihani. Atakayeshughulika naye, shauri yake.

Aliyekuwa akiwauzia wazazi zile karatasi ni mwenye shule mwenyewe, Bwana Akinlotan. Abosede alilijua hilo, lakini karani wa kuchapa barua angemwambia nani? Alikwenda kumpigia magoti. Aliomba jambo moja tu, picha iondolewe, maana mama yake aliuza maharage mkabala na lango lile. Bwana Akinlotan akaitazama picha, akamtazama na yeye.

"Picha imetoka vizuri," alisema. "Unalia nini?"

Mama akawa anatoka na ndoo kila alfajiri kuisugua ile karatasi, na kila ifikapo saa mbili asubuhi inabandikwa mpya. Hakuna shule katika mtaa wao wote wa Agege iliyomchukua Abosede tena. Wazazi wa mchumba wake walituma wazee wawili kuja kusema, kwa adabu nyingi, kwamba kijana hajawa tayari. Mwaka wa tatu mama akafa, na waliokuja kuzika walinong'ona "ndiye yule wa langoni," wakidhani Abosede hasikii.

Wapo watu ambao huzika chuki pamoja na wafu wao. Abosede alirudi na yake nyumbani, akaipa kazi.

Alijifunza ufundi wa kompyuta, kisha akakodi meza kwenye uchochoro mmoja wa soko la kompyuta la Ikeja. Alijua kwamba kompyuta kuukuu ya mtu wa Lagos, izunguke itakavyozunguka, siku moja itapita hapo ikitafuta mwenyewe mpya. Alikaa miaka sita. Zilizoletwa kuuzwa alizipangusa kwa spiriti, akapuliza vumbi kwenye feni, akasugua vitufe kimoja kimoja kwa mswaki laini, mpaka watu wakasahau jina lake wakamwita Dada Mswaki. Na kila ilipokuja kompyuta ya rangi ya fedha, ya aina ile ya Bwana Akinlotan, alianza na kitufe cha Enta. Alikipapasa kwa ncha ya kidole kama mtu anayetafuta kovu.

Ilikuja Jumanne, muda mfupi baada ya chakula cha mchana. Aliyeileta alikuwa amekonda, mvi zimemjaa, simu iko sikioni. Ile pete ilikuwa kidoleni.

"Wee dada, hii ni nzima. Jana nimefuta kila kitu mwenyewe. Pangusa vumbi tu, uniuzie leo leo."

Hakumtazama. Abosede aliipokea kwa mikono miwili. Pembeni mwa Enta palikuwa na mchubuko mdogo, umepinda kama ukucha. Damu ilimpanda hadi kwenye kope. Lakini mikono ilikuwa imejiandaa miaka sita.

"Karibu ukae, baba. Mnunuzi yupo. Tufuate tu utaratibu wa uchochoro."

Utaratibu wenyewe ulizaliwa na ugomvi. Kompyuta moja iliwahi kuuzwa na picha za faragha za mtu ndani yake, na watu wakatoana damu. Tangu siku ile mafundi walikubaliana kwamba atakayefungua faili la mteja atanyang'anywa meza. Lakini kabla ya kusafisha diski, fundi husoma kwa sauti majina na tarehe za vitu ambavyo bado vimelala ndani, hata vile mwenyewe anavyodhani amevifuta, mbele ya mnunuzi na jirani mmoja. Muuzaji hujibu "yangu, futa" au "si yangu," na kutia saini kila mstari. Picha ya muuzaji hubandikwa juu ya ukurasa, na nakala yake hukaa ubaoni, mdomoni mwa uchochoro, siku saba, asije akatokea mtu akasema kompyuta ni yake imeibwa.

"Picha ya nini tena?" Bwana Akinlotan alikunja uso. "Mimi mwizi? Unajua unaongea na nani?"

Ifeadi, fundi wa meza ya jirani, alikuja akitafuna karanga, kamera mkononi. "Mzee wangu, hapa hata askofu hupigwa picha. Tabasamu, usije ukaonekana umeiba kweli."

Mama Risikat, mshonaji aliyetaka kompyuta ya kuwaonyeshea wateja mitindo, alicheka mpaka kilemba kikalegea.

Picha ikatoka, ikabandikwa. Abosede akaanza kusoma, Ifeadi akiandika.

"Picha za sherehe ya miaka sitini."

"Yangu, futa." Akatia saini, akarudi kwenye simu yake. Alikuwa akigombana na mtu kuhusu mabati ya nyumba.

"Nyimbo za harusi."

"Yangu, futa."

"Jamani baba, hizo si ungeniachia!" alisema Mama Risikat.

Abosede alisoma kwa zamu, bila kuruka. Hakuogopa kukikosa anachokitafuta. Angeweza kukinakili kwa dakika moja, na hakuna ambaye angejua. Lakini hapo angekuwa mtu yule yule aliyetangazwa langoni, mwizi wa siri za watu, na Akinlotan angekuwa amesema kweli. Kwa hiyo alisubiri mstari baada ya mstari. Wa kumi na saba ulipofika, sauti yake haikupanda wala kushuka.

"Tangazo la kumfukuza Abosede Fadahunsi kwa wizi wa mitihani, pamoja na picha. Jumatatu, tarehe tatu Machi."

"Yangu, futa. Hapana, si wewe, naongea na fundi hapa. Bluu! Nimesema mabati ya bluu!" Akatia saini.

Ifeadi aliacha kutafuna. Alikuwa ameisikia habari ile mara nyingi, siku za mvua, wakingoja wateja.

"Dada Mswaki, rudia tarehe."

"Jumatatu, tarehe tatu."

"Na mitihani ilikutwa imeibwa lini?"

"Alhamisi. Tarehe sita."

"Kwa hiyo mwizi kafukuzwa Jumatatu, wizi ukaja Alhamisi?" Ifeadi alipiga makofi. "Jamani njooni! Huyu si mwenye shule, ni mganga! Mzee, Jumamosi nani anashinda mpira?"

Mafundi walianza kuinuka kwenye meza zao. Simu iliteremka polepole kutoka sikioni. Bwana Akinlotan alimtazama fundi wake kwa mara ya kwanza.

"Abosede."

"Naam, baba."

"Chana huo ukurasa."

"Ukurasa ni mali ya uchochoro."

"Basi nimekosea. Andika si yangu."

"Kisicho cha muuzaji hakifutwi. Hubaki kwa fundi, na fundi huruhusiwa kukifungua akatafuta mwenyewe." Alimsogezea kalamu. "Nikuandikie hivyo?"

Jasho lilimtoka. Alimtazama Ifeadi, akamtazama Mama Risikat, ambaye sasa hakuwa akicheka.

"Futa," alisema.

"Nitafuta. Umeagiza, tena umetia saini."

Akabonyeza Enta kwa kidole kisicho na pete. Haikutoa mlio wowote. Diski ilisafishwa saa nzima, na saa nzima mzee alikaa pale akinong'ona. Amezeeka sasa. Waumini wenzake hupita uchochoro huu. Siku saba ni nyingi. Mwisho alifanya jambo ambalo mzee wa Kiyoruba hamfanyii mtu wa umri wa bintiye. Alishika pembe ya meza, akapiga goti vumbini. Abosede angeweza kumwahi mkono asifike chini. Alimtazama mpaka goti likagusa.

"Inuka, baba," alisema baadaye. "Unawazibia wateja njia."

Kompyuta iliwaka upya, tupu kama siku ilipotoka kiwandani. Mama Risikat aliigeuza huku na huku. "Hiki kitufe kimechubuka, mwanangu. Nibadilishie."

Abosede aliking'oa kwa bisibisi nyembamba, akapachika kingine, akapitisha mswaki mara ya mwisho. Kile cha zamani alikitia mfukoni. Kisha akachukua nakala ya ukurasa na pini nne, akatembea hadi mdomoni mwa uchochoro. Watu walimfuata. Alipobandika, Ifeadi alisoma kwa sauti ya mpiga mbiu, na hakuna aliyemfundisha maneno: "Umma unaarifiwa kwamba mtu ambaye picha yake inaonekana hapo juu..."

Bwana Akinlotan alijipenyeza hadi mbele, goti lina vumbi, akamshika Abosede ukingo wa mkono wa blauzi.

"Maandishi yaache," alisema. "Itoe picha tu. Nakuomba, mwanangu. Picha tu."

Abosede aliigeukia ile picha, akaitazama kwa muda, kama mtu anayekagua kazi yake. Kisha akainama karibu na sikio la mzee, chini kabisa ya kelele za watu.

"Picha imetoka vizuri."