Yesi ya Mama

Enzi zetu, wasomaji wenzangu mliokula vumbi la Kampala vita vilipokwisha, Kiingereza kilifundishwa pamoja na adabu, kama chai na sukari. Watoto wa leo wana bahati kweli. Wanakijua tangu tumboni, na neno walilotoka nalo huko ni "No". Adabu yao imehamia kwenye simu, wanaionesha kwa kidole gumba.

Sisi tulikaa juu ya matofali, katika darasa la Kisugu lenye matundu ya risasi ukutani. Kwenye mstari wangu walikuwa Nakato, Wanjiru binti wa fundi cherehani, Opio mwenye kikohozi, na mimi Zawadi, mtoto wa Wakongo. Mapumziko tulicheza kwepena, kurushiana na kukwepa mpira wa majani makavu ya mgomba, kisha tukala mihogo ya kuchoma na kurudi ndani na midomo myeusi kukariri namna ya kukubali na kukataa kistaarabu. Mwalimu Kasirye alikuwa anagombana na herufi ya "r" tangu azaliwe, kwa hiyo darasa zima tukikubali tuliimba, "Ai agulii wizi yu!" Kukataa ilikuwa, "Ai begi tu difa." Na sheria yake kubwa: mtu mzima akikuuliza, anza na "yesi". Usipomwelewa, mkubalie tu, hutapigwa.

Basi mimi nilifika darasa la nne, na nyumbani nikawa msomi. Mama alifua nguo Bukoto kwa mzungu mmoja, Madamu Helena, na kazi hiyo ndiyo iliyotulisha watoto watano. Jumamosi nilimfuata niwe mkalimani wake.

Jumamosi moja saa ya mkononi ya madamu ilipotea. Akasimama mbele yetu, mikono kiunoni, akauliza, "Yu didinti teki mai wochi?"

Nikamgeukia mama. "Eti hukuchukua saa yake?"

"Ndiyo," mama akasema. "Sikuichukua."

Nikapiga goti vizuri, nikatafsiri, "Yesi, madamu."

Mzungu akawa mwekundu kama nyanya. "Yesi?"

"Yesi, madamu!" Nikaongeza sauti, labda hakusikia. Akamwaga maneno marefu ambayo Mwalimu Kasirye hakuwahi kuyafikia. Sikuelewa hata moja, nikafuata sheria. "Ai agulii wizi yu, madamu."

Tukaoneshwa mlango.

Kutoka Bukoto hadi Kisugu tulitembea kwa miguu. Mama aliniuliza mara moja tu, "Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia ndiyo, kama ulivyosema."

"Sasa kosa liko wapi?"

Jumatatu akanishika mkono mpaka kwa Mwalimu Kasirye. Mwalimu alicheka akavua miwani, halafu alipomwona mama usoni akairudisha. "Mama Zawadi, mzungu akikuuliza 'hukuchukua?', na kweli hukuchukua, anataka umjibu 'no'."

"Yaani nimkatalie huku ninamkubalia?"

"Ndiyo, mama."

"Basi hao watu wana shida kubwa kuliko ya saa."

Akaanza kukaanga kabalagala kando ya barabara, zile chapati nene za ndizi mbivu na unga wa muhogo, na mimi nikaacha shule nikamenya ndizi. Ndiyo maana Kiingereza changu kimeishia pale, msinicheke.

Wiki kadhaa zikapita, Madamu Helena akaja mwenyewe, saa iko mkononi. Aliikuta mfukoni mwa koti lake la mvua. Aliomba msamaha, macho yamelowa, nami nikamtafsiria mama neno kwa neno. Kisha akauliza, "Yu wonti kamu baki tu mi?"

Nikamnong'oneza mama, "Eti hutarudi kwake?" kisha nikafungua mdomo nimjibu. Mama akaniinulia mwiko wa mafuta, nikaufunga. Akamtazama mzungu, akatabasamu, akajibu peke yake, "Yesi, madamu."

Madamu alifurahi jamani! Akamshika mama kwa mikono miwili, akanunua kabalagala kumi, akaondoka anapunga mkono mpaka kwenye kona.

Jumatatu ya kurudi kazini ikafika, mama bado anaponda ndizi.

"Mama, si ulimwambia yesi?"

"Aliuliza sitarudi? Nikamjibu ndiyo. Kwani nimemdanganya?"

Leo mjukuu wangu Priska amesoma mpaka chuo. Nikimwomba anisindikize sokoni anasema "No, jajja," bila kuinua macho kwenye simu, na eti huko ndiko kujiamini. Sawa, mimi sikusoma. Lakini mama yangu alimkatalia mtu kazi yake, kwa Kiingereza, na mtu akarudi Bukoto anacheka. Siku hizi nani anajua kukataa namna hiyo?